Vyungu Viwili vya Poul

Jumapili, 21 Julai

Mvua tangu alfajiri. Leo watawa wameanza kukaa hekaluni miezi yao mitatu ya masika, na siku kama hii bia haiuzwi. Kwa hiyo wateja wangu wa Jumapili wameinywa kwenye vikombe vya chai, vidole vimeshika sikio la kikombe kwa heshima zote. Polisi wanaopita wanajua. Wateja nao wanajua kwamba polisi wanajua. Kila mwaka ni hivyo hivyo.

Tangu mume wangu Henning afe, siku zimekuwa zikipita bila mimi kujua ipi ni ipi. Nimeona niandike, hata kama ni mstari mmoja.

Meza ni ile ile. Rainer, Mjerumani, mkubwa kama kabati. Gareth, Mwelshi, mwembamba, mdomo haufungi. Na Poul, mdogo wangu, ambaye nilimfuata huku Udon, nchi ya Wathai, nikafungua mkahawa huu wa vyakula vya kwetu Denmaki. Nilipika nguruwe wa kuoka, ngozi kaukau, viazi, kabichi nyekundu na mchuzi wa kahawia.

"Wali ni chakula cha kuku," Rainer akasema, kama anavyosema kila Jumapili. "Mke wangu akipika wali, mimi nawapelekea kuku."

"Umehamia nchi ya watu unakula viazi, huoni aibu?" Gareth akamjibu. "Mimi jana nimetafuna pilipili kiganja kizima. Mbichi! Muuzaji mwenyewe alinipigia makofi."

Kila Jumanne huyu Gareth huja mlango wangu wa nyuma kuchukua viazi vya kuponda kwenye mfuko wa plastiki, maana tumbo lake limeshakataa pilipili. Sijamwambia mtu.

"Nyie hamjui shida," Poul akasema. "Duang akifungua ule mtungi wa samaki, mimi natoka nje. Mbwa naye anatoka. Tunasimama uani tunatazamana, mimi na mbwa, hakuna wa kumlaumu mwenzake."

Wakacheka hadi kikombe kikamwagika. Kwa vichekesho vya mtungi hakuna anayemfikia Poul. Duang ni mke wake, na mtungi wenyewe ni ule wa kila nyumba huku, samaki waliovundishwa kwa chumvi na pumba mpaka wakawa uji.

Poul alipoinuka kuondoka, niliona kamba ya kandambili imezama kwenye mguu wake. Nikabonyeza kwa kidole. Shimo likabaki.

Jumatatu, 22 Julai

Mvua. Oveni iligoma asubuhi, ikakubali mchana.

Jumatano, 24 Julai

Wifi yangu Duang alikuja. Alivua kandambili mlangoni ingawa sakafu yangu ni ya saruji na nimeshamwambia mara nyingi asivue.

"Dada, samahani kukusumbua," akasema. "Tumetoka kwa daktari. Moyo wa Poul umechoka. Amesema chumvi basi, kabisa. Akila chumvi maji yanajaa miguuni, yakipanda hadi kifuani ndiyo imetoka hiyo."

"Basi ficha mtungi wako."

"Hagusi mtungi, wewe mwenyewe unamjua. Mimi nampikia uji mweupe wa mchele. Anakunywa bakuli moja, anasema ameshiba." Akaunganisha viganja kifuani, akainama kidogo kama wanavyofanya huku. "Nimekuja kukushukuru. Ameniambia kwako anakula viazi vya kuchemsha tu, bila chumvi. Naomba uendelee kumsaidia hivyo hivyo."

Nilikuwa na nguruwe ndani ya oveni. Harufu ilikuwa imejaa jikoni, hata mtu mwenye mafua angeisikia. Nikasema, "Haya."

Akavaa kandambili zake, akaondoka na mwavuli wake wa rangi ya waridi. Nilikasirika, sijui nani amenikasirisha. Uji! Mwanamume mzima, fundi wa meli, anaishi kwa uji. Mama yetu alikuwa anashinda kiwandani kukata samaki, Poul nimemlisha mimi tangu hajaota meno ya mbele. Kama mimi nisipompa chakula, nani atampa?

Ijumaa, 26 Julai

Mvua. Wateja wawili. Supu ya mbaazi.

Jumapili, 28 Julai

Nilijaribu. Nguruwe bila chumvi, mchuzi bila chumvi. Sikuwaambia kitu, nikapakua, nikasimama nyuma ya kaunta.

Gareth alitafuna, akaacha, akatazama uma. "Inger, mama, huyu nguruwe alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Ni chakula cha gerezani hiki," Rainer akasema. "Hapana, gerezani wana chumvi."

Poul alisukuma sahani pole pole hadi katikati ya meza. Baadaye alinifuata jikoni, akaegemea friji, pumzi inatoka kwa taabu.

"Inger, nikikosa hapa nitakula wapi? Kule unajua sili. Nakunywa ule uji ili mwanamke asilie, basi."

"Daktari amesema."

"Daktari ni mtoto wa juzi. Nipe nusu. Nusu ya kawaida, si zaidi. Nakuomba, dada."

Huwa haniiti dada. Nikatia nusu.

Jumatano, 31 Julai

Mvua kubwa. Poul alikula vizuri.

Alhamisi, 1 Agosti

Mvua. Alikula vizuri.

Jumapili, 4 Agosti

Jana walimlaza. Duang alinipigia simu akiwa ndani ya pikapu ya jirani, ile yenye kibanda nyuma, Poul amelazwa kwenye mkeka, anakoroma kama mtu aliyezama. Nilipofika hospitali walikuwa wameshampa sindano ya kutoa maji na mfuko chini ya kitanda ulikuwa umejaa.

Wodi ya wanaume, vitanda vingi, na chini ya kila kitanda kuna mke au dada au binti kwenye mkeka, maana hapa mgonjwa huuguzwa na watu wake. Duang alikuwa ameshatandika. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kwa sababu magoti yangu hayakubali sakafu.

Daktari, msichana mwenye miwani, alikuja na kutuuliza sote wawili. "Anakula nini?"

"Uji mweupe," Duang akasema. "Naapa. Sitii hata tone la sosi ya samaki."

"Kwangu anapata nusu chumvi," nikasema. Nilisema kweli, ila uso wa Duang ulinigeukia.

Daktari alitazama makaratasi yake. "Nusu hiyo si nzuri, lakini haifikishi hapa. Chumvi hii ni nyingi. Inatoka mahali."

Tukatazamana, wifi na mimi, kama watu wawili kwenye lifti ambamo mmoja ameachia ushuzi. Mimi nilijua ni yeye. Yeye alijua ni mimi. Poul alikuwa amefumba macho. Namjua mdogo wangu tangu utotoni, na ule haukuwa usingizi.

Rainer na Gareth walikuja jioni na mfuko wa soseji za kuvuta moshi. Muuguzi akawanyang'anya. Wakasimama korido wamekasirika.

"Wanamuua njaa," Rainer akaniambia. "Ule uji, Inger! Mimi mbwa wangu simpi."

Nilikubaliana naye, naandika hapa kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Sikusikia hofu wala nini. Nilirudi nyumbani, nikafua aproni.

Jumatatu, 5 Agosti

Mvua. Bado yuko wodini.

Alhamisi, 8 Agosti

Ametolewa. Miguu imepungua, kandambili zinampwaya. Nimemwambia kwangu sasa hakuna hata nusu. Akasema sawa. Akasema sawa haraka mno.

Jumapili, 11 Agosti

Kuku wa kuchemsha kwa Poul, nyama za kusaga kwa wengine. Poul alitoa kile kichekesho cha mbwa, wakacheka tena. Miguu imeanza kuvimba tena. Walipoondoka nimelala hadi usiku na sikuota kitu.

Alhamisi, 15 Agosti

Nitaandika yote.

Mvua ya usiku ilifurika barabara, maji yakafika kwenye ngazi yangu. Hakuna mteja angekuja. Nikafikiri, Poul hawezi kufika hapa leo, na kule huwa hali kitu. Nikachukua mkate mweusi niliouoka jana bila chumvi, nikaufunga kwenye mifuko miwili ya plastiki, nikauweka kichwani, nikaingia majini. Mzee wa miaka sitini na sita, gauni limefungwa kiunoni. Watoto walikuwa wanaogelea barabarani, wakanipigia kelele za kunishangilia.

Nyumba ya Duang imeinuliwa kwa nguzo. Nilizunguka nyuma kwa sababu mbele kulikuwa na maji mengi. Nikasikia vicheko kabla sijaona mtu.

Poul alikuwa kwenye mkeka wa jikoni, miguu wazi, amekaa ameegemea nguzo. Mama mkwe wake alikuwa anatwanga papai bichi kwenye kinu, na mtungi ulikuwa wazi pembeni yake. Kaka yake Duang na mkewe walikuwepo. Poul alichota wali wa kunata kikapuni, akaufinyanga tonge kwa vidole vitatu, akauchovya kwenye ule uji wa samaki, akatia mdomoni, akalamba vidole kimoja baada ya kingine. Alikuwa anawasimulia jambo kwa lugha yao ya huku, tena kwa kasi, wala si kile Kithai cha kuungaunga tunachosema sisi mkahawani. Walikuwa wanamwita Pon. Bibi kizee alicheka hadi mchi ukasimama.

Kwangu Poul hula kwa kisu na uma, kiwiko hakigusi meza, na akimaliza anasema asante. Sijapata kumwona akila namna ile. Alikuwa anakula kama mtu aliye kwao.

Halafu akaniona.

"Inger," akasema. Akajipangusa mkono kwenye kaptula. Nilidhani ataniomba radhi, au atanieleza. Akasema, "Usiwaambie wale."

"Akina nani?"

"Rainer na Gareth."

Nyuma yangu maji yalilia. Ni Duang, anatoka kuchukua dawa, mfuko wa dawa ameushikilia juu. Alitazama mtungi. Alimtazama mama yake, naye bibi kizee akaanza tena kutwanga, macho chini.

"Mama," Duang akasema. "Tangu lini?"

"Tangu mlipooana. Mkwe wangu ana njaa," bibi kizee akasema. "Wewe unampa uji wa mtoto. Mimi husubiri utoke, nifanyeje?"

"Na kwa dada? Kwa dada anakula nini?"

Poul alitazama vidole vyake. Ikabidi nijibu mimi, na mkate kichwani. "Nguruwe. Na ngozi yake. Na mchuzi."

"Uliniambia viazi."

"Aliyekuambia viazi ni yeye. Mimi hukuniuliza, wewe ulinishukuru tu."

Alicheka kidogo, kicheko kibaya. Kisha akachuchumaa hapo hapo kwenye ngazi na maji yakamfika kiunoni, akaanza kumfokea Poul, na mimi nikaanza upande wangu, Kidenmaki upande huu na lugha yao upande ule. Nadhani tulimwambia maneno yale yale. Alitusikiliza kwa zamu, kama mtu anayetazama watu wakirushiana mpira.

"Kule nakula kwetu," akasema tulipochoka. "Na hapa nakula kwetu. Nyie mnataka nife na kwetu kumoja. Nichague kupi?"

"Hatutaki ufe, mpumbavu wee," Duang akasema.

Bibi kizee akasukuma kikapu cha wali upande wangu kwa mguu, akanipigia mkeka kwa kiganja, kaa. Nikabaki nimesimama. Duang ndiye aliyekuja akashusha ule mkate kichwani mwangu, akaukausha kwa khanga yake.

Ijumaa, 16 Agosti

Mvua nyembamba. Nimefikiria lile neno la Poul, usiwaambie wale. Aliona aibu, si kwa kutudanganya sisi, bali wale wasije wakajua kwamba anakula vya mtungini.

Jumamosi, 17 Agosti

Duang na mimi tumepatana. Mchana ananipigia, jioni nampigia. "Amekula nini?" "Samaki wa mvuke, ndimu, tangawizi. Wewe?" "Viazi na karoti. Hakumaliza." Mtungi umehamia kwa jirani. Kopo langu la chumvi nimelifungia kabatini, ufunguo uko shingoni.

Jumapili, 18 Agosti

Poul alikuja kwa bajaji, anapumzika kila baada ya neno. Nilimwekea viazi vyeupe na kuku mweupe mbele ya watu wote.

"Umeoa wauguzi wawili siku hizi?" Rainer akamwuliza. Akatoa pakiti ya nyama kavu mfukoni, akaisukuma chini ya kitambaa cha meza. Nikaichukua, nikaitia jalalani, nikarudi kuosha vyombo.

"Inger amekuwa Mbudha," Gareth akasema.

Poul akaona meza imepoa, akaanza kile kisa cha mtungi na mbwa. Alifika pale pa uani, akaishiwa pumzi, wakamngojea, akamaliza. Wakacheka. Alinitazama juu ya vichwa vyao. Ningeweza kusema. Nilikuwa na neno mdomoni, nikalimeza.

Jumanne, 20 Agosti

Miguu imepungua. Daktari amemsifu Duang, Duang akasema ni dada pia. Poul hakula mchana. Jioni vijiko viwili.

Jumatano, 21 Agosti

Jua kidogo. "Amekula nini?" "Maji. Wewe?" "Hakuja."

Alhamisi, 22 Agosti

Mvua. Hakula kwa Duang. Hakula kwangu. Nimemwendea, nimemkuta ameketi dirishani kama mtu anayesubiri basi. Nikamwuliza anataka nini. Akasema, "Mnachotoa nyie hakina kitu." Hakusema kwa ubaya. Ngozi ya miguu yake ilikuwa nyembamba, safi, haina uvimbe hata kidogo.

Ijumaa, 23 Agosti

Poul amekufa asubuhi kabla ya chai. Duang alikuwa amempelekea uji.

Nilifunga mkahawa. Nilizima friji ya soda kwa bahati mbaya, nikaiwasha tena.

Jumamosi, 24 Agosti

Watawa wanasoma. Watu wanakula usiku kucha nyumbani kwa marehemu, ndiyo desturi. Mimi nakaa nikipewa maji nanywa. Sijalia. Bibi kizee analia kwa niaba ya watu kadhaa.

Jumapili, 25 Agosti

Tumemchoma hekaluni leo alasiri, mvua ikasimama kidogo. Moshi ulipanda wima.

Baada ya hapo Rainer na Gareth walikaa nami chini ya turubai, mashati meupe, jasho. Sahani zilikuwa mbele yao, wali wa kunata, supu ya mianzi, nyama ya kukatakata na vile vijipande vya samaki wa mtungini. Hawakugusa. Rainer alikuwa ametoka na mkate wake nyumbani, ameufunga kwenye karatasi ya aluminiamu, anaula amewapa watu mgongo.

"Mimi nitasema kila mtu anachofikiri," akasema, na hakusema kwa sauti ndogo. "Yule mwanamke amemuua na uji wake. Mtu aliyezoea nyama, unamwekea maji ya mchele. Amekauka kama samaki kwenye kamba. Angekula kwako tu, Inger, angekuwa hapa."

Duang alikuwa anapita na birika. Anajua Kiingereza cha kutosha. Alimimina chai kwenye kikombe cha Rainer, akajaza, akasogea kwa Gareth.

Ndani yangu kulikuwa kimya, kama ilivyo siku hizi. Lakini mdomo ulifunguka.

"Alikuwa anakula samaki wa mtungini," nikasema. "Kila siku. Miaka yote. Kwa mkono, kwenye mkeka, na kulamba vidole. Halafu anakuja kwangu anakula nguruwe. Moyo wake ulikuwa unabeba chumvi ya nyumba mbili. Duang alikuwa hajui, na mimi nilikuwa sijui. Kile kisa cha mbwa ni uongo. Mbwa alikuwa anatoka peke yake."

Gareth aliweka kikombe chini. Rainer alitafuna ule mkate kwa muda mrefu kuliko mkate unavyohitaji.

"Poul?" akasema. "Wa mtungini? Mbichi au wa kuchemsha?"

"Mbichi."

Akatazama kulia na kushoto. Akavuta sahani ya vijipande vya samaki karibu. "Wa kuchemsha hana ladha," akasema, sauti imeshuka. "Mke wangu hutia mayai ya mchwa. Mimi huongeza ndimu."

"Kuku wako je?" Gareth akauliza.

"Kuku gani? Sina kuku."

Gareth akaanza kucheka, akacheka hadi akaweka uso kwenye kitambaa, na alipouinua alikuwa analia. "Mimi siwezi kula pilipili hata moja," akasema. "Inger ananipa viazi kwa siri kama mwizi." Rainer akampigapiga mgongo kwa mkono wenye wali. Miaka yote hii wanaume wazima wanakutana kila Jumapili kudanganyana mezani kwangu, na mimi nawapakulia.

Niliivunja ahadi ambayo sikuwahi kumpa Poul. Duang alirudi na birika, akaniwekea chai, akaacha mkono wake begani mwangu muda kidogo.

Jumanne, 27 Agosti

Mvua. Gareth alikuja kuchukua viazi vyake kwa mlango wa mbele.

Alhamisi, 29 Agosti

Mvua. Kila ifikapo mchana naangalia simu. Leo ililia, alikuwa Duang. "Dada, umekula nini?" Nikamwambia. Nikamwuliza naye.

Jumamosi, 31 Agosti

Najiuliza ingekuwaje kama tungemwacha ale. Tulimfungia vyungu viwili, akafa na miguu mizuri. Siku za mwisho mtu angekula kitu chenye ladha. Inaniuma, lakini inaniuma kwa mbali, kama jino lililopigwa ganzi.

Jumapili, 1 Septemba

Mkahawa nimeufunga. Kesho alfajiri ni siku ya kuwawekea wafu chakula chini, siku ambayo wanaruhusiwa kuja kula, wenye ndugu na wasio na ndugu. Duang alikuja asubuhi na majani ya mgomba, akaketi sakafuni jikoni kwangu, akaanza kuyafuta na kuyakata. Ameleta wali wa kunata, peremende, tambuu, sigara mbili, na chupa ndogo ya samaki wa mtungini, kifuniko kimefungwa kwa mpira. Harufu ilitoka hivyo hivyo.

"Hiki ni cha upande wangu," akasema. "Cha upande wako mpikie wewe. Yule nguruwe."

"Duang, tulimnyima."

"Ndiyo. Kwa hiyo mpikie."

Nilitoa nyama, nikaichanja ngozi. Nikafungua kabati kwa ufunguo wa shingoni, nikashika kopo la chumvi, mkono ukasimama hewani. Wiki zile zilinifundisha, na mwili bado haujasikia habari kwamba mtu ameshakufa. Nikachota kidogo kwa ncha za vidole.

Duang alikuwa ananitazama kutoka chini.

"Tia, dada," akasema. "Tia ya kutosha. Sasa haimdhuru kitu."

Nikatia. Nikasugua kila mchanjo hadi ngozi ikawa nyeupe. Duang akaufunika uso kwa majani aliyokuwa nayo mkononi, mabega yakamtikisika, na mimi nikaendelea kusugua.

Jumatatu, 2 Septemba

Tulikwenda hekaluni kabla ya jua, yeye, bibi kizee na mimi. Mvua ilikuwa imekata, ardhi inateleza. Watu walikuwa wanatembea kimya na mishumaa, wanaweka vifurushi vyao kwenye mashina ya miti na kando ya ukuta, wanaita majina kwa sauti ya chini. Hakuna kengele, hakuna ngoma. Bibi kizee aliweka vyake vingi, akaita watu wengi sana.

Duang alichagua shina karibu na lango. Akaweka kifurushi chake, wali na chupa ya mtungini, akawasha mshumaa. "Pon," akaita. "Njoo ule."

Nikainama kuweka changu pembeni ya chake. Akanishika mkono.

"Si hapo, dada."

"Kwa nini?"

"Atakiona hiki." Alionyesha kule nyuma ya jumba la sala, penye giza. "Kaweke kule, mbali. Ameshazoea kula hapa bila pale kujua, na pale bila hapa kujua. Tukimwekea pamoja ataona haya, hatakula popote."

Nilimtazama nione kama ni mzaha. Hakuwa anatania. Nikabeba nguruwe wangu na mchuzi wake kwenye jani, nikazunguka jumba lote, nikakiweka kifurushi chini ya ukuta, nikawasha mshumaa. Sikujua niite jina gani. Nikamwita kama nilivyokuwa nikimwita mezani kwa mama yetu, akiwa hajaota meno ya mbele, na hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, mbele ya watu wa watu.

Niliporudi langoni Duang alikuwa amesimama ameupa mshumaa wake mgongo. Akanigeuza kwa mabega, nami nikaelekea barabarani kama yeye. Tukasimama hivyo, wifi na mimi, hakuna aliyetazama nyuma, mpaka kulipopambazuka, ili ale.